Kufuatilia Ukoo wa Kiarmenia katika Daftari za Vizazi na Vifo

Mwarmenia atafutaye asili yake hana budi kujua kwanza babu zake walitawaliwa na dola gani. Katika Dola ya Urusi, vizazi, ndoa na vifo viliandikwa na makasisi. Ofisi za serikali zilishika kazi hiyo baada ya utawala wa Kisovieti kuingia Armenia mwaka 1920. Katika karne ya 19 kalenda ya Urusi ilikuwa nyuma kwa siku 12. Majina nayo yaligeuka: Petrosyan, yaani wa ukoo wa Petros, huenda likaonekana limeandikwa Petrosov. Basi jina la kijiji huaminika zaidi.

Upande wa Waosmani ni mgumu zaidi. Maangamizi ya mwaka 1915 yaliteketeza watu pamoja na daftari nyingi za makanisa yao. Baadhi ya wanawake na watoto waliosalia waliingizwa katika nyumba za Waislamu, wakapewa majina mapya. Hapo mtafiti hulitazama jina la baba, kwa kuwa mara nyingi aliyesilimishwa aliandikwa mwana wa Abdullah, mja wa Mungu, jina lisiloeleza ukoo wowote. Uturuki ilipofungua kumbukumbu za nasaba kwa raia wake mwezi Februari 2018, mitambo ilizidiwa na wingi wa waombaji. Wengine wakagundua bibi Mwarmenia ambaye asili yake haikupata kutajwa nyumbani.