New York na Houston: Mzigo wa Maisha Unamlemea Nani

Anayehama New York kwenda Houston huvutwa kwanza na kodi ya nyumba, na si bure. Manhattan, kwenye moyo wa New York, tangu mwaka 2022 walau nusu ya mikataba mipya ya fleti imekuwa ikifika au kuvuka dola 4,000 kwa mwezi. Bronx na Queens kuna nafuu, lakini hata huko mfanyakazi wa kawaida mara nyingi hupanga pamoja na wenzake. Houston, fleti ya chumba kimoja cha kulala na sebule hupatikana kwa dola 1,200 au 1,300.

Tofauti hiyo inatoka ardhini. New York ina watu zaidi ya milioni 8 waliobanana kwenye kilometa za mraba 780, tena sehemu kubwa ni visiwa. Houston ina watu zaidi ya milioni 2.3, na eneo lake ni zaidi ya mara mbili ya hilo. Wapiga kura wake wamekataa mara tatu, mwaka 1948, 1962 na 1993, sheria ya kugawa mji katika maeneo ya makazi, biashara na viwanda, kwa hiyo mjenzi hapati vikwazo vingi. Mtaa wa Gulfton, kusini-magharibi mwa mji, ulijengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya vijana waliokuja kuchuma fedha za mafuta. Bei ya mafuta ilipoanguka miaka ya 1980, vijana wakaondoka, na wenye majengo wakawafungulia milango wahamiaji. Upande huohuo wa mji sasa zipo familia za wakimbizi wa Kongo, na Kiswahili kinasikika kwenye ngazi na maegesho ya magari.

Katika miji yote miwili mpangaji hadaiwi kodi ya miezi sita mkononi kama Dar es Salaam. Anadaiwa ushahidi wa kipato. Wenye nyumba wengi wa New York wanataka mshahara wa mwaka ufike mara 40 ya kodi ya mwezi: fleti ya dola 2,500 inahitaji mtu wa dola 100,000, la sivyo alete mdhamini. Houston kwa kawaida wanaridhika mshahara wa mwezi ukiwa mara tatu ya kodi. Hata hivyo, New York ina karibu fleti milioni moja ambazo bodi ya umma ndiyo hupanga kodi yake ipande kwa kiasi gani kila mwaka. Aliyebahatika kuingia humo hatoki. Texas, jimbo uliko mji wa Houston, sheria ya jimbo inazizuia halmashauri kuwawekea wenye nyumba ukomo wa aina hiyo.

Nafuu ya Houston huanza kumeguka asubuhi ya kwanza ya kwenda kazini. New York, dola 3 zinamfikisha mtu popote kwa treni ya chini ya ardhi, saa 24. Nauli ya basi Houston ni dola 1.25 tu, lakini mji umetawanyika mno, na mwenye zamu ya usiku ghalani hawezi kutegemea basi. Barabara ya Katy Freeway hufika njia 26 kwa upana mahali fulani, ukijumlisha zile za pembeni. AAA, chama cha wenye magari, kinakadiria kuwa gari jipya humgharimu Mmarekani zaidi ya dola 11,000 kwa mwaka. La mitumba ni rahisi zaidi, ila bima haikwepeki, na mume na mke wenye zamu tofauti watahitaji magari mawili. Ndugu walioko nyumbani wakiona picha ya gari wasidhani ni dalili ya fedha. Pale gari ni kama jembe kwa mkulima.

Kwenye chakula tofauti ipo, lakini haibadilishi hesabu. Umeme unaibadilisha. Kiangazi cha Houston huvuka nyuzi joto 35 na kiyoyozi hakizimwi, na mteja huchagua mwenyewe kampuni ya kumuuzia umeme. Katika baridi kali ya Februari 2021, waliokuwa na mikataba ya bei inayopanda na kushuka walipata bili za maelfu ya dola. New York mwenye nyumba analazimika kisheria kumpasha joto mpangaji wake kuanzia Oktoba hadi Mei.

Mishahara nayo haifanani. Kima cha chini New York ni dola 17 kwa saa. Texas bado ni dola 7.25 za serikali ya taifa, zisizoguswa tangu 2009, ingawa waajiri wengi wa Houston hulipa zaidi. Texas haikati kodi ya mapato. New York hukata ya jimbo na ya jiji. Wengi wanaotaja kodi hiyo hawataji inachonunua. Mtoto wa miaka minne New York anaweza kusoma shule ya awali bure, na mtu mzima wa kipato cha chini anaweza kupata bima ya afya ya umma. Texas ilikataa kuipanua bima hiyo, na inaongoza Marekani yote kwa sehemu ya watu wasio na bima. Kwangu, mwenye watoto na mshahara mdogo atazame hili kabla ya kutazama kodi ya nyumba.

Mahali ambapo Houston inashinda kweli ni kumiliki. Muuguzi na dereva wakiunganisha mishahara yao wanaweza kununua nyumba yenye uwanja, jambo lililo gumu mno New York. Watalipa kodi ya majengo inayokaribia asilimia 2 ya thamani yake kila mwaka, na bima ya mafuriko inayouzwa kando na bima ya nyumba. Kimbunga Harvey kilipoizamisha Houston Agosti 2017, wengi waliofurikiwa hawakuwa nayo. Bima ya mafuriko ya serikali kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa, na msimu wa vimbunga hufunguliwa tarehe 1 Juni, hivyo wa kuikata aikate kabla Aprili haijaisha.