Kibarua wa Stima Akiumia Kazini, Nani Atalipa?

Wakazi wengi wa Kaunti ya Busia humkumbuka fundi wa stima pale tu stima inapopotea. Anafika, anapanda nguzo, anarekebisha na kuondoka. Wachache hujua ni nani aliyemwajiri. Baadhi ya mafundi hawa ni wafanyakazi wa kudumu wa Kenya Power. Wengine wana mikataba ya muda, na wengine ni vibarua walioletwa na mwanakandarasi kusimamisha nguzo, kuvuta nyaya hadi kijijini au kuweka taa za mulika mwizi sokoni.

Nyaya wanazoshika ni zilezile na hatari ni ileile. Tofauti hujitokeza mmoja wao anapoanguka au kupigwa na stima, familia ikaanza kuuliza bili ya hospitali italipwa na nani. Makala haya yanaeleza chama cha wafanyakazi wa umeme kinafanya nini, sheria inamlinda nani, na mkazi anaweza kufanya nini, awe Malaba, Nambale au Osieko.

Chama na mipaka yake

Wafanyakazi wa sekta ya umeme nchini wana chama chao, KETAWU, ambacho ni mwanachama wa muungano wa vyama vya wafanyakazi, COTU. Kinawakilisha wafanyakazi katika kampuni kama Kenya Power na KenGen, na huwafikia kupitia matawi yake na wawakilishi wanaochaguliwa kazini.

Haki ya kujiunga na chama imo katika Kifungu cha 41 cha Katiba. Mfanyakazi hutia sahihi fomu ijulikanayo kama Fomu S, na mwajiri akishapewa notisi huwa na siku 30 za kuanza kukata ada ya chama kwenye mshahara. Chama kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga, mwajiri hulazimika kukitambua. Hapo ndipo pande mbili hujadiliana kuhusu mkataba wa pamoja, maarufu CBA, unaogusa mishahara, marupurupu, saa za ziada na mazingira ya kazi. Mkataba huo hupata nguvu ya sheria ukishasajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Lakini CBA humfunga mwajiri aliyeitia sahihi. Kibarua wa mwanakandarasi ana mwajiri mwingine, hata kama anapanda nguzo ya kampuni ileile. Hii ni mojawapo ya sababu za KETAWU kupinga kwa muda mrefu desturi ya kuwapa watu wa nje kazi za kudumu za sekta hii. Waajiri kwa upande wao hutaja gharama, na kwamba baadhi ya kazi ni za msimu.

Kibarua hana haki?

Anazo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa kila mwisho wa siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake inafikia mwezi mmoja, Kifungu cha 37 kinamhesabu kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Hawezi tena kuambiwa tu asirudi kesho, kwani anastahili notisi ya siku 28 kwa maandishi. Akiendelea hadi miezi 2 mfululizo, anastahili masharti ya kazi ambayo angepata kama asingeajiriwa kama kibarua.

Shida huwa ni ushahidi. Kibarua anashauriwa kuweka jumbe za malipo ya M-Pesa, kuandika tarehe na mahali alipofanya kazi, na zaidi ya yote kujua jina kamili la mwajiri wake. Kumjua msimamizi kwa jina la utani hakutoshi.

Akiumia

Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, WIBA, ya mwaka 2007, inamlinda mtu yeyote aliyeajiriwa kwa malipo chini ya mkataba, pamoja na mwanagenzi. Haiulizi kama ni mwanachama wa chama. Haiulizi uraia pia, kwa hivyo fundi kutoka Tororo aliyeajiriwa na mwanakandarasi upande wa Malaba ya Kenya anastahili kama mwenzake wa Amagoro. Kila mwajiri anapaswa kuwa na bima ya wafanyakazi wake. Anayebaki nje ni fundi anayejifanyia kazi mwenyewe mtaani, kwa kuwa hana mwajiri wa kumdai. Huyo anafaa kujinunulia bima yake.

Hatua ni hizi:

Kwanza, ajali iripotiwe kwa mwajiri mara moja, kwa mdomo au kwa maandishi. Kifo kinapotokea, taarifa inapaswa kutolewa ndani ya saa 24.

Pili, mwajiri ana siku 7 tangu apate habari kumjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Asipofanya hivyo, mfanyakazi au jamaa yake aende mwenyewe katika ofisi ya idara hiyo au ofisi ya kazi.

Tatu, dai la fidia liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kifo. Familia nyingi hupoteza muda huu zikisubiri ahadi za mwanakandarasi.

Mwajiri hugharamia matibabu. Mfanyakazi asipoweza kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi, hulipwa mapato yake kwa muda usiozidi miezi 12. Ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Kwa mfano, aliyekuwa akipata Sh20,000 kwa mwezi na akapata ulemavu wa asilimia 10, hesabu yake ni asilimia 10 ya Sh1,920,000, yaani Sh192,000. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa Mkurugenzi, kisha anaweza kukata rufaa mahakamani. Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha utaratibu huu, kwa hivyo anayekimbilia kortini kabla ya kupita kwa Mkurugenzi anajichelewesha mwenyewe.

Haki ya kukataa kupanda

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi anayeona hatari kubwa amweleze msimamizi wake. Mwajiri naye hawezi kumlazimisha arudi mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Ni wajibu wa mwajiri kutoa glavu, kofia, mikanda na viatu vinavyofaa. Penye wafanyakazi 20 au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama, ambamo wafanyakazi nao wanawakilishwa.

Hili linamhusu mkazi moja kwa moja. Eneo hili la karibu na Ziwa Victoria hupata radi nyingi, na mto Nzoia ukivunja kingo zake huko Bunyala, nguzo husimama majini. Fundi anayesema atangoje mvua ipungue, au laini izimwe kwanza, anafuata sheria. Kumzomea au kumpa kitu kidogo ili apande haraka ni kumsukuma kwenye hatari.

Mkazi afanye nini?

Mwenye jenereta asiichomeke kwenye soketi ya nyumba bila swichi ya kubadilisha chanzo cha stima. Stima ya jenereta inaweza kurudi kwenye laini, ikapita kwenye transfoma na kupanda, na kumuua fundi aliyeko juu ya nguzo akiamini kwamba laini imezimwa.

Waya ulioanguka usiguswe wala kusogezwa kwa kijiti. Zuia watoto na mifugo, kisha ripoti kwa Kenya Power kwa nambari 97771 bila malipo.

Kabla ya kumpa mtu kazi ya kuweka nyaya nyumbani, mwombe akuonyeshe leseni ya EPRA.

Kwa wanakandarasi wa miradi ya umma, zikiwemo taa za barabarani ambazo ni sehemu ya majukumu ya kaunti, bima ya WIBA ni lazima kwa kila mfanyakazi, hata wa siku moja. Kibarua aulize kuhusu bima hiyo asubuhi ya kwanza, kabla ya kufunga mkanda. Akinyimwa jibu, afike ofisi ya kazi mjini Busia kuuliza haki yake.