Usimpe jirani vidonge vyako vya kulegeza misuli
Mgonjwa wa pepopunda au mwenye misuli iliyokaza huweza kupewa diazepamu. Ikiingia kwenye damu, karibu asilimia 98 yake hushikwa na protini iitwayo albumini. Kile kidogo kinachobaki huru ndicho kinachofanya kazi. Albumini hutengenezwa na ini. Ini likiugua, figo zikiipoteza kwenye mkojo, au ukidhoofika kwa utapiamlo, albumini hupungua na dawa iliyo huru huzidi. Ini gonjwa pia huchelewa kuiondoa. Basi kidonge kilichomfaa jirani kinaweza kukulaza fofofo, hata kukupunguzia pumzi, hasa ukiongeza waragi.

Uwe Nakivale au umepanga Kakiika, kabla ya kuandikiwa dawa mweleze daktari kuhusu macho ya manjano, miguu iliyovimba na dawa zote unazotumia, mitishamba pia. Lugha ikikushinda, omba mkalimani.