Joto la Vifaranga Lifuate Hali ya Hewa ya Nje

Mfugaji akinunua vifaranga 100 kwa Sh100 kila mmoja, kisha 20 wakafa kwa baridi katika wiki ya kwanza, amepoteza Sh2,000 kabla hata ya kuhesabu chakula, chanjo na makaa. Wafugaji wa Migori na Homa Bay wanaweza kupunguza hasara ya aina hii bila kununua mtambo wowote, mradi wajue wakati wa kuongeza moto na wakati wa kuupunguza.

Kifaranga wa siku moja ana manyoya mepesi ya utotoni ambayo hayawezi kumkinga dhidi ya baridi. Kwa takriban wiki mbili za kwanza, mwili wake hauna uwezo kamili wa kudhibiti joto lake. Akiachiliwa na kuku mama, hujificha chini ya mbawa. Asipokuwa na mama, kazi hiyo humwangukia mfugaji.

Katika wiki ya kwanza, sehemu ya kulelea vifaranga inahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Wiki ya pili liwe 29 hadi 32, ya tatu 26 hadi 29, na ya nne 23 hadi 26. Baada ya hapo, vifaranga wenye manyoya kamili hustahimili nyuzi 21. Kipimajoto kiwekwe karibu sentimita 5 juu ya maranda, mahali kifaranga alipo. Kikitundikwa juu ukutani kitapotosha, kwa sababu hewa ya moto hupanda.

Moto ubadilike, joto libaki

Kosa la kawaida ni kuwasha jiko au taa kwa kiwango kimoja mchana na usiku. Joto hutoroka nyumbani kulingana na tofauti kati ya ndani na nje. Tuseme ndani panatakiwa nyuzi 32. Alasiri, nje pakiwa na nyuzi 29, pengo ni nyuzi 3 tu. Alfajiri, nje pakishuka hadi 17, pengo ni nyuzi 15. Kwa makadirio, nyumba ileile inahitaji moto mara tano zaidi alfajiri kuliko alasiri. Moto wa alasiri hautatosha alfajiri, na moto wa alfajiri utawachoma vifaranga alasiri.

Kanuni hiyo hutumika pia kwingineko. Katika nchi za baridi za Ulaya, nyumba nyingi hupashwa joto kwa maji ya moto yanayozunguka kwenye mabomba. Mitambo mingi ya kuchemshia maji hayo huwa na kipimajoto kilichofungwa nje ya ukuta: baridi ikizidi nje, maji huongezwa moto, hali ikitulia, hupunguzwa. Hapa Kenya, mashamba ya maua ya Naivasha yametumia joto la ardhini kupasha maji ya mabomba ndani ya vivungulio, hasa usiku. Mfugaji mwenye jiko la makaa anaweza kufanya vivyo hivyo kwa macho na mikono yake.

Hali hutofautiana hata ndani ya kaunti moja. Muhuru Bay na Mbita, ufukweni mwa ziwa, huwa na joto zaidi kuliko miinuko ya Kuria au Oyugis. Mvua ya jioni, hasa katika msimu wa Machi hadi Mei, huweza kushusha joto kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo ratiba ya jirani wa wadi nyingine isiigwe bila kupima.

Jiko la makaa huchukua muda kabla ya kupasha nyumba. Mawingu yakitanda au upepo wa baridi ukianza, mfugaji aongeze makaa mapema, asingoje vifaranga walie. Jua likichomoza, afunike makaa kwa majivu kupunguza moto, au aliondoe jiko.

Vifaranga wenyewe ni kipimo

Wakirundikana chini ya moto huku wakilia kwa sauti, wana baridi. Wakikimbilia pembeni, wakatanua mbawa na kuachama midomo, joto limezidi. Wakijazana upande mmoja, kuna upepo unaopenya upande wa pili. Wakitawanyika, wakila na kulala kwa utulivu, hali ni sawa. Ukaguzi muhimu zaidi ni ule wa usiku wa manane na wa alfajiri, kwani ndipo baridi huwa kali na wenye nyumba wamelala.

Tahadhari ya gesi

Baridi isimfanye mfugaji kuziba kila tundu. Makaa yanapoungua hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua watu na kuku. Kutoweka kwa moshi si dalili kwamba gesi imekwisha. Upepo uzuiwe chini, kwenye usawa wa vifaranga, lakini juu pabaki nafasi ya hewa kuingia na kutoka. Jiko lizungushiwe kizuizi na liwe mbali na maranda, yasije yakashika moto. Vifaranga wasilelewe kwa jiko la makaa katika chumba wanamolala watu. Anayeumwa kichwa au kuhisi kizunguzungu ndani ya nyumba hiyo atoke nje mara moja, kisha atafute matibabu.

Kabla ya kuleta vifaranga, mfugaji apashe nyumba joto na aangalie kipimajoto kwa usiku mzima mmoja bila vifaranga. Atajua ni kiasi gani cha makaa kinachohitajika hadi asubuhi, na kama bajeti yake inatosha. Wanaohitaji ushauri wamwone afisa wa mifugo wa wadi yao.