Kuzipatanisha Hedfoni na Redio ya Ridhaa

Wako watu katika Kenya wazungumzao kwa redio na wenzao wa Japani au Brazil pasipo kulipwa hata senti moja. Hao ndio wanaredio wa ridhaa. Alama zao za wito mara nyingi huanza kwa 5Z4. Zamani za ukoloni zilianza kwa VQ4. Sauti wanazozitafuta ni hafifu mno, kwa hiyo wengi hupenda kuvaa hedfoni kuliko kusikiliza kwa spika.

Lakini mtu akichomeka hedfoni mpya katika redio yake, huenda akakuta jambo la kuudhi. Akigusa tu kitufe cha sauti, masikio yataka kupasuka. Na akikirudisha hata mwisho, bado husikia mvumo kama wa mvua juu ya mabati. Redio si mbovu, wala hedfoni si mbovu. Shida ni kwamba kimoja hakikutengenezwa kwa ajili ya kingine.

Amplifaya ya redio imekusudiwa kuendesha spika ya omu 8, nayo huweza kutoa wati 1 au 2. Hedfoni nyingi za siku hizi zina omu 32 hivi, nazo hutoa sauti ya desibeli 100 kwa miliwati 1 tu, yaani sehemu moja ya elfu ya wati. Basi na tufanye hesabu. Wati 1 katika omu 8 ni volti 2.8. Volti hizo zikiingia katika omu 32 huwa miliwati 250, na sauti hufika desibeli 124. Hayo ni maumivu. Wataalamu wa afya ya kazini wengi huweka mpaka kuwa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikizidi desibeli 3, muda huo hukatwa nusu. Radi ikipiga ghafula hali kitufe kimefunguliwa kwa ajili ya kituo cha mbali, ni nani atakayeyalinda masikio?

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Hedfoni ambazo Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, aliwapelekea wanamaji wa nchi yake mwaka 1910 zilisifiwa kwa sababu zilisikia umeme mdogo sana. Hedfoni nyingi za zama zile zilizungushiwa waya mwembamba mara nyingi mno, hata zikafika omu 2000 na zaidi. Ukizifunga hedfoni za leo katika redio ya kristali, hutasikia kitu mpaka uweke transfoma yenye mizunguko 8 upande wa redio kwa kila 1 upande wa hedfoni.

Turudi kwa redio ya leo. Kurudisha kitufe hakusaidii, kwa sababu mvumo ule huzaliwa ndani ya amplifaya, baada ya kitufe. Yafaa sauti ipunguzwe mwishoni, karibu na sikio. Kwa kila sikio zatosha rezista mbili za robo wati, ambazo bei yake ni ndogo. Ya omu 100 hukaa katika njia ya sauti. Ya omu 10 huunganishwa sambamba na hedfoni. Hapo hedfoni hupata sehemu moja tu ya mia mbili ya nguvu ile, na mvumo hufifia pamoja nayo. Kisha kitufe chaweza kufunguliwa kwa nafasi. Wengine hutumia ile ya omu 100 peke yake, lakini mimi naona si vema, maana huweza kuigeuza tabia ya sauti. Mvumo ulioingia kwa eriali, bila shaka, utabaki.

Angalia pia plagi. Ile yenye sehemu tatu, ikiingizwa katika tundu la sehemu mbili, hulisha sikio moja tu. Tena, katika redio nyingine waya zote mbili za spika hubeba sauti, na hakuna hata mmoja unaopaswa kugusa bodi ya chuma. Kwa redio kama hizo, litumike tundu la hedfoni lililowekwa na mtengenezaji, na rezista zifungwe hapo.