Daktari wa urembo: Amefuzu katika nini?

Tangu mwanamke mmoja afariki jijini Nairobi mnamo Oktoba 2024 baada ya kuhudumiwa katika kliniki ya urembo, ambayo Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) liliifunga, wasomaji wamekuwa wakiniuliza: nitamjuaje daktari wa kweli? Wengine hujijibu wenyewe kabla sijafungua kinywa. Ana vyeti vimejaa ukutani, husema.

Vyeti vya nini? Leseni ya udaktari inamruhusu mtu kutibu wagonjwa. Haisemi kwamba amefunzwa kupasua, sembuse kuunda upya titi au tumbo. Ubingwa ni jambo jingine. Katika mfumo wa COSECSA, chuo kinachowafunza na kuwatahini madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, daktari aliyekwisha kufuzu husomea upasuaji wa jumla miaka miwili, kisha upasuaji wa plastiki miaka mitatu zaidi. Halafu kuna cheti cha kozi ya wikendi hotelini. Ukutani vyote vina fremu na muhuri.

Nimechoka pia kusikia kwamba "plastiki" maana yake ni kutiwa plastiki mwilini. Neno hilo linatokana na Kigiriki, na maana yake ni kufinyanga. Mabingwa hawa ndio wanaorekebisha makovu ya moto, midomo ya watoto waliozaliwa ikiwa imepasuka, na mikono iliyosagwa na mashine. Urembo ni sehemu tu ya kazi yao.

Kwa nini miaka yote hiyo? Chukua upasuaji wa kuongeza makalio kwa mafuta ya mgonjwa mwenyewe. Mafuta hunyonywa tumboni au mapajani, yakasafishwa, kisha yakadungwa makalioni kwa mrija wa chuma. Kati ya ngozi na msuli kuna tabaka la mafuta, na huko ndiko yanakopaswa kubaki. Chini yake, ndani na nyuma ya msuli, zinapita vena nene zenye kuta nyembamba. Mrija ukizama hadi huko ukachana vena, mafuta yaliyosukumwa kwa nguvu huwa na shinikizo kubwa kuliko damu iliyomo, kwa hiyo huingia. Kutoka hapo njia ni moja na haina kizuizi: vena ya nyonga, vena kuu ya tumboni, upande wa kulia wa moyo, kisha mapafu. Huko huziba, na moyo unaweza kusimama mgonjwa akiwa bado mezani. Jopo la vyama vya mabingwa hao lililochunguza vifo hivyo lilionya mwaka 2018 kwamba huenda mgonjwa 1 kati ya 3,000 hufa. Katika maiti zilizopasuliwa, hakuna hata moja ambayo mafuta yalikuwa yamebaki juu ya msuli pekee. Yaani uhai wa mtu hutegemea mkono unaojua ncha ya mrija iko wapi, ingawa jicho haliioni. Mwaka 2022 jimbo la Florida, Marekani, liliwalazimisha madaktari kutumia mashine ya ultrasaundi wakati wa kudunga.

Huko Marekani ujanja wa vyeti upo vilevile. Bodi ya upasuaji wa plastiki iliyoanzishwa mwaka 1937 ni mojawapo ya bodi 24 zinazotambuliwa na chombo kimoja cha kitaifa. Lakini zipo nyingine nje ya chombo hicho, zenye majina yanayofanana nayo, na daktari akijitangaza kwamba "ana cheti cha bodi" hajakwambia ni bodi gani.

Kuhusu wanaodunga watu silikoni saluni au kuuza vidonge vya "kujaza makalio" mitandaoni, sina neno la upole. Silikoni ya maji ikishaingia kwenye nyama husambaa, na kuitoa yote mara nyingi haiwezekani hata kwa bingwa.

Basi tafuta jina la daktari kwenye sajili ya KMPDC. Walio Tanzania Bara waangalie ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Angalia leseni ya mwaka huu na ubingwa ulioandikwa. Kagua leseni ya kituo pia. Uliza nani atakupa nusukaputi, na damu ikikutoka nyingi utapelekwa hospitali gani. Akikwambia maswali hayo ni ya kumdharau, chukua mkoba wako uondoke.