Kimondo cha Ivuna kinavyosimulia habari za maji

Ukitaja kimondo cha mkoani Songwe, wengi hukumbuka Mbozi, lile pande la chuma lenye uzito wa tani kadhaa. Mkoa huohuo una kimondo kingine, kidogo cha kushikika mkononi, ambacho kwa sayansi kina thamani isiyo kifani. Kilianguka Ivuna tarehe 16 Desemba 1938, kikiwa na gramu zipatazo 705, na ndicho kielelezo cha kundi adimu liitwalo CI.

Ukiacha gesi kama hidrojeni na heli, uwiano wa elementi katika vimondo vya CI unakaribia sana ule wa Jua. Kikemia, basi, hii ni malighafi ya sayari ya miaka bilioni 4.6 iliyopita. Lakini mpangilio wa madini yake unaeleza yaliyofuata.

Tulinganishe kimondo cha Ivuna na kile cha Allende, kilichoanguka Mexico mwaka 1969. Hicho kimejaa vitufe vidogo, vingi vya kama milimita moja, ambavyo zamani vilikuwa matone ya mwamba ulioyeyuka. Katika baadhi yake, fuwele za olivini zimejipanga kwa mistari sambamba, ishara kwamba tone liliyeyuka karibu lote, kisha likapoa kwa saa chache tu.

Ivuna karibu haina vitufe hivyo. Chini ya hadubini unaona udongo mweusi laini, chembe za kaboneti, na punje za magnetaiti zilizolingana na kushikamana kama mayai ya samaki. Mpangilio huo hautokani na moto. Barafu ndani ya asteroidi iliyokizaa iliyeyuka, na maji yakageuza madini ya awali kuwa udongo. Elementi zilihama madini, lakini hazikutoka mwambani. Ndiyo maana uwiano wake ulibaki.

Vimondo vya CI vina pia salfeti, ambazo zamani zilihesabiwa kuwa ushahidi wa maji hayohayo. Desemba 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilileta gramu 5.4 za asteroidi Ryugu. Udongo, magnetaiti na kaboneti vilikuwemo kama katika vimondo vya CI, lakini katika sampuli hizo ambazo hazikuguswa na hewa yetu, salfeti hazikuonekana. Chumvi hizo, kumbe, zimetokana na unyevu wa hapa duniani.

Kwa hiyo anayeokota kimondo asikioshe. Akiweke pakavu na kuwafikishia wataalamu upesi, kwa sababu maji yetu nayo huandika juu ya maandishi ya kale.